Kuchapisha Kumbukumbu Zetu Mtandaoni: Nani Yumo Katika Orodha, na Nani Ataitunza?



Katika parokia na shule zetu nyingi za Kanda ya Ziwa kuna kabati la madaftari. Mwalimu wa sayansi ameandika majina ya samaki ambao wanafunzi wake walionyeshwa na wavuvi. Katekista mzee ana daftari la methali alizozisikia kwa babu zake. Katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo anayo orodha ya familia, na mwalimu wa taaluma anayo orodha ya wanafunzi na alama zao. Kwa miaka mingi madaftari haya yamesomwa na mwenye ufunguo wa kabati peke yake. Leo hii kijana mmoja wa hapa Kiseke, mwenye simu janja na bando la siku moja, anaweza kulihamisha daftari zima mtandaoni kabla jua halijazama.

Uwezo huo ni baraka, kwa maana elimu iliyofungiwa kabatini hailishi mtu. Lakini madaftari manne niliyoyataja hayafanani, na kosa kubwa la nyakati zetu ni kuyatendea kana kwamba yanafanana. Makala haya yanakusudia kusema jambo moja: kabla hatujauliza tutachapisha kwa programu gani na katika tovuti ipi, tuulize nani yumo katika orodha hii, na nani ataitunza sisi tutakapokuwa hatupo. Maswali hayo mawili yakijibiwa vema, sehemu iliyobaki ya kazi ni nyepesi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kanzidata ndogo ni kitu gani?

Neno kanzidata huwatisha baadhi yetu, kwa sababu tumezoea kulisikia likihusishwa na mabenki, vitambulisho vya taifa na taasisi kubwa za serikali. Kwa hakika ni orodha iliyopangwa kwa utaratibu usiobadilika. Kila mstari ni kitu kimoja, na kila safu ni sifa moja ya kitu hicho. Tuseme wanafunzi wa shule ya sekondari wanakwenda katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na kuandika walichokiona. Mstari wa kwanza ni sangara, na jina lake la kisayansi ni Lates niloticus. Wa pili ni sato, Oreochromis niloticus. Wa tatu ni dagaa, Rastrineobola argentea. Wa nne ni kamongo, Protopterus aethiopicus. Safu zinazofuata zinaeleza jina la Kisukuma, jina la Kikerewe, mahali samaki alipovuliwa, aina ya nyavu, na kama samaki huyo ni mwenyeji wa ziwa au aliletwa na wanadamu.

Jedwali la mistari hamsini la namna hiyo linatosha kabisa kuitwa kanzidata. Tofauti yake na insha ni kwamba linaweza kuulizwa maswali. Mwanafunzi anaweza kuuliza: ni samaki gani kati ya hawa hawakuwamo katika ziwa wakati babu yangu anazaliwa? Jibu halikuandikwa mahali pamoja, bali linapatikana kwa kupanga na kuchuja mistari. Hapo mwanafunzi anaanza kutafuta maarifa mwenyewe, na si kuyameza tu. Hiyo ndiyo faida ya kielimu ya kanzidata ndogo, na ndiyo sababu inafaa kuzungumziwa katika shule zetu kwa uzito uleule tunaoutumia kuzungumzia vitabu na maabara.

Hazina ya Bujora

Waamini wa Mwanza hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kutoka Kiseke hadi Kisesa si safari ndefu, na pale Bujora ipo parokia iliyo pia makumbusho ya Wasukuma. Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliyetoka Kanada, alianzisha kazi hiyo katika miaka ya 1950. Alikusanya ngoma za watemi, vifaa vya nyumbani, zana za uganga, nyimbo na kumbukumbu za vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika. Mpaka leo sherehe ya Bulabo, inayofanyika wakati wa Sherehe ya Ekaristi Takatifu, huwakusanya watu wengi uwanjani hapo.

Katika mkondo huohuo wa utafiti wa Kisukuma wakatokea wamisionari wa Shirika la Maryknoll, Padre Donald Sybertz na Padre Joseph Healey, ambao kwa miaka mingi walikusanya methali, vitendawili na hadithi pamoja na wazee, makatekista na wanajumuiya wa Usukumani. Mwaka 1996 walichapisha jijini Nairobi kitabu chao kuhusu teolojia ya masimulizi ya Kiafrika. Kisha Padre Healey na wenzake wakachukua hatua ambayo wakati huo wachache waliifikiria: wakaziweka methali katika mtandao wa intaneti, na tangu mwaka 1998 wakawa wanatoa methali moja ya Kiafrika kwa kila mwezi. Kando ya methali hizo ikakua hazina ya hadithi iliyopangwa ili mwalimu au mhubiri aweze kutafuta kwa mada.

Tuutazame utaratibu wao, kwa kuwa una somo. Kila methali huandikwa kwa lugha yake ya asili, kisha huja tafsiri, kisha maelezo ya chimbuko lake na namna watu wanavyoitumia katika maisha ya kila siku, kisha mafungu ya Biblia yanayolingana nayo, na mwishoni matumizi yake ya leo katika mafundisho. Mpangilio haubadiliki, iwe methali imetoka kwa Wasukuma au kwa kabila dogo lililo mbali na Tanzania. Kwa sababu hiyo mwalimu anaweza kuzilinganisha methali za watu wawili wasiofahamiana na kuona mahali hekima zao zinapokutana. Miongoni mwa methali za Kisukuma zilizopata wasomaji wengi kwa njia hii ni ile isemayo kwamba nilikuonyesha nyota, wewe ukatazama ncha ya kidole changu.

Pamoja na sifa hizo, lipo jambo la kututafakarisha. Sehemu kubwa ya maelezo katika hazina hiyo ni ya Kiingereza, kwa kuwa ilikusudiwa pia kuwafikia wasomaji wa dunia nzima. Hivyo mtoto wa Kisesa au wa Kiseke anaweza kuikuta hekima ya bibi yake mtandaoni, lakini aisome katika lugha ambayo bibi mwenyewe haijui. Hatuwezi kuwalaumu wamisionari waliotangulia kwa jambo hilo. Wao walifanya sehemu yao, na waliifanya vizuri. Ni deni letu sisi kuongeza safu inayokosekana: safu ya maelezo ya Kiswahili, na pale inapowezekana, ya Kisukuma sanifu. Kuongeza safu katika jedwali lililokwisha kupangwa ni kazi ambayo darasa moja la kidato cha tatu linaweza kuikamilisha kwa muhula mmoja, likiongozwa na mwalimu mwenye subira na mzee mwenye kumbukumbu.

Funzo la furu

Ipo hoja nyingine inayotuhimiza tusichelewe, nayo inatoka ndani ya ziwa lenyewe. Wazee wetu wanawakumbuka furu, samaki wadogo wenye rangi nyingi waliokuwa wamejaa katika Ziwa Victoria. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa hili lilikuwa na aina za furu zinazozidi 500. Kuanzia mwaka 1977 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza pamoja na Watanzania. Walivua mahali palepale mara kwa mara, wakahesabu, wakapima, wakachora na kuandika. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na huenda wapo waliojiuliza inamfaa nani.

Sangara alikuwa ameingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Kwa muda mrefu idadi yake ilikuwa ndogo, lakini katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi ya kutisha, na furu wakatoweka mbele ya macho ya watafiti hao. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea au zikapungua mno, ingawa baadhi zimeonekana tena tangu miaka ya 1990. Wanasayansi wanaeleza pia kwamba sangara hakuwa chanzo pekee, kwani uvuvi wa kupita kiasi na kuchafuka kwa maji vilichangia. Tunayajua haya kwa sababu tu orodha ilikuwa imeandikwa kabla ya janga. Kama watafiti wangeanza kuhesabu mwaka 1990, tungebaki na hadithi za wazee bila kipimo, na pengine tungewaambia kwamba wanatia chumvi.

Orodha iliyoandikwa wakati kitu kingali kingi huonekana haina thamani, na thamani yake hujulikana kitu kinapoadimika. Yale yaliyowapata furu ndiyo yanayoyapata majina ya Kisukuma ya mimea, nyimbo za kilimo, majina ya zamani ya vilima na visima vya Ilemela ambavyo sasa vimefunikwa na viwanja vya makazi. Kiseke yenyewe, ambayo wengi wetu tumeihamia kutoka kwingine, ilikuwa na majina ya mahali ambayo kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 hawezi kuyataja. Mzee anayeyajua hatatungoja.

Ipo pia sehemu ya pili ya funzo hili. Vielelezo vingi vya furu vilihifadhiwa Uholanzi, katika makumbusho ya viumbe ya mjini Leiden. Vimetunzwa vema, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo mwanafunzi wa Mwanza anayetaka kumjua samaki wa ziwa anakooga huhitaji kupita kwanza Ulaya. Mtandao umeifupisha njia hiyo, lakini haujajibu swali la msingi: kwa nini nakala ya orodha isiwepo pia katika shule iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ufukweni?

Orodha yenye watoto ndani yake

Mpaka hapa tumezungumza juu ya samaki, methali na vilima. Vitu hivyo ni mali ya wote, na kuvichapisha hakumwaibishi mtu. Lakini daftari la mwalimu wa taaluma ni la namna nyingine, kwa sababu kila mstari wake ni mtoto.

Taifa letu lina uzoefu mkubwa katika jambo hili. Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na katika elimu mojawapo ya hatua zake ilikuwa kuzipanga shule zote kwa ufaulu na kutangaza nafasi ya kila shule, kitaifa na ndani ya wilaya yake. Nia ilikuwa njema. Mzazi apate kujua, mwalimu mkuu ahisi uzito wa dhamana yake, na shule iliyolala iamke. Wachumi Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza baadaye yaliyotokea katika shule za msingi. Waligundua kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha kweli ufaulu wao baada ya nafasi hizo kutangazwa. Lakini waligundua pia kwamba shule hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani. Kwa maneno mengine, sehemu ya mafanikio ilipatikana kwa kuwaacha nje watoto waliodhaniwa kuwa wataishusha shule.

Ndugu msomaji, tusilipite jambo hili kwa haraka. Jedwali lililotangazwa halikuwa na uongo hata katika mstari mmoja. Kila wastani ulikuwa sahihi kihesabu. Kosa lilikuwa katika safu ambayo haikuwekwa: safu ya watoto walioandikishwa mwaka uliotangulia lakini hawakuufikia mtihani. Kama safu hiyo ingekuwapo kando ya wastani, kila mzazi angeuliza: watoto hawa wamekwenda wapi? Katika mfano wa Injili ya Luka, mchungaji mwenye kondoo mia hamsahau yule mmoja asiyeonekana zizini. Mchungaji huyo anaijua hesabu ya waliopaswa kuwapo, na kwa hiyo anamjua aliyepotea. Orodha inayowahesabu waliofika peke yao haiwezi kumtafuta mtu yeyote.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha utaratibu wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, jambo lililozua mjadala mkubwa. Wapo waliosema kwamba wazazi wamenyimwa haki ya kujua, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mzazi anayelipa ada kwa jasho la dagaa anastahili kujua shule inafundishaje, na utafiti tulioutaja unaonyesha kwamba uwazi uliwaamsha waliolala. Lakini tutofautishe kuitangaza taasisi na kumtangaza mtoto. Shule ina uongozi, bajeti na sauti ya kujitetea. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hana.

Tazama tofauti iliyopo katika kurasa za matokeo tulizozizoea. Kwa kidato cha nne, mtahiniwa huonekana kwa namba yake ya mtihani na jinsi yake, bila jina. Anayeijua namba yake hujiona, na jirani mdadisi hupata shida kumtambua. Kwa darasa la saba, kwa miaka mingi kurasa zimeonyesha jina kamili la mtoto kando ya alama zake. Kurasa hizo haziozi kama tangazo la ubaoni linalonyeshewa na mvua. Mtu mzima anayeomba kazi leo anaweza kukutana na alama D aliyoipata katika hisabati mwaka ule mama yake alipokuwa mgonjwa. Kielimu, jina lile halikuongeza kitu ambacho namba isingetosha kukieleza.

Sheria ya nchi na sheria ya Kanisa

Katika eneo hili nchi yetu imepiga hatua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Kwa lugha nyepesi, sheria inamtaka anayekusanya taarifa za watu aseme anazikusanya kwa kusudi gani, asichukue zaidi ya kinachohitajika, asizitumie kwa kusudi lingine, na azilinde. Tena, sheria inazihesabu taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji uangalifu wa pekee. Shule ya parokia na ofisi ya parokia zinakusanya taarifa za watu kila siku, na hazina budi kuijua sheria hii.

Kwa mwamini Mkatoliki wajibu huu haukuanzia Dodoma. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 220, unakataza kumharibia mtu jina lake jema isivyo halali, na unalinda haki ya kila mtu ya kuwa na faragha yake. Kanuni ya 535 inaagiza kila parokia iwe na vitabu vyake, yaani cha ubatizo, cha ndoa, cha wafu na vinginevyo, na inamkabidhi paroko wajibu wa kuhakikisha vinaandikwa kwa usahihi na kuhifadhiwa kwa uangalifu, visiangukie mikononi mwa watu wasiohusika. Kitabu cha ubatizo ni kanzidata ya kale kuliko zote tulizo nazo. Kina mistari na safu, na kwa karne nyingi kimefundisha historia ya familia na ya maeneo. Hata hivyo Kanisa halijawahi kukibandika mlangoni.

Tujihoji basi. Wengi wetu tumeona katika makundi ya WhatsApp orodha za watoto wa Kipaimara zikiwa na tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi, au majina ya familia ambazo hazijakamilisha mchango wa ujenzi. Aliyezituma hakuwa na nia mbaya. Alitaka kurahisisha kazi. Lakini orodha ikishatoka hairudi, na mama mjane aliyeliona jina lake huenda Jumapili inayofuata akakaa nyumbani.

Lipo pia eneo la katikati, linalohitaji busara zaidi. Mzee anaposimulia historia ya ukoo, au mganga anapotaja mti unaotibu tumbo, taarifa hiyo ni ya nani? Ni maarifa, lakini yametoka kinywani mwa mtu, na pengine alipewa na wazazi wake kwa masharti. Hapa kanuni iliyo salama ni kumwomba ruhusa baada ya kumweleza waziwazi kwamba maneno yake yatasomwa na watu asiowajua, kumuuliza kama anataka jina lake litajwe, na kukubali pale anaposema kwamba jambo fulani lisiandikwe. Kijana asimwahidi mzee kwamba maneno yatabaki shuleni, huku akijua kwamba yanakwenda kwa dunia nzima.

Mtunzaji kwanza, tovuti baadaye

Swali la pili lilikuwa: nani ataitunza? Wapenzi wa Kiswahili wanaikumbuka kamusi ya mtandaoni iliyoanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1994, wakati ambapo watu wachache sana Afrika Mashariki walikuwa wameuona mtandao. Watu wa kujitolea kutoka sehemu mbalimbali waliongeza maneno, na wanafunzi wengi wakafaidika. Baadaye mradi uliondoka katika chuo hicho, ukapita katika vipindi vya kutafuta makao na fedha, na umbo lake likabadilika. Ikiwa kazi maarufu namna hiyo ilipata misukosuko, je, jedwali la shule moja ya Ilemela litakuwaje siku mwalimu aliyelianzisha atakapohamishwa, au ada ya mwaka ya jina la tovuti itakaposahauliwa?

Kwa hiyo, mapendekezo haya yanaelekezwa kwa halmashauri za parokia, kamati za elimu na walimu wakuu.

Kwanza, kazi ikabidhiwe kwa ofisi na si kwa mtu peke yake. Iandikwe katika kumbukumbu za kikao kwamba katibu wa kamati ya elimu ndiye mtunzaji, na kwamba anapoondoka anakabidhi nywila na mafaili kama mhazina anavyokabidhi vitabu vya fedha.

Pili, jedwali lihifadhiwe katika faili la maandishi ya kawaida, ambalo safu zake zimetenganishwa kwa koma, ili liweze kufunguliwa na kompyuta yoyote hata baada ya miaka ishirini. Mapambo ya tovuti yanaweza kuja na kuondoka. Faili ndilo mali.

Tatu, kila mstari ueleze umetoka wapi na uliandikwa lini. Jina la mti lisilo na mahali wala tarehe ni uvumi uliopangwa vizuri. Makosa yatakuwapo, na iwepo njia ya msomaji kuyasahihisha.

Nne, iandikwe wazi watu wengine wanaruhusiwa kufanya nini. Leseni huria za Creative Commons zinamwezesha mwenye kazi kusema kwa mfano kwamba: itumieni kwa elimu, mtaje mlikoitoa, msiiuze. Ukimya juu ya jambo hili humtia hofu mwalimu mwadilifu, wala haumzuii mchukuaji asiye na aibu.

Tano, tukumbuke gharama ya bando. Ukurasa uwe mwepesi, na faili zima liweze kupakuliwa mara moja na kutumika darasani bila mtandao. FishBase, kanzidata mashuhuri ya samaki wa dunia, ilisambazwa kwanza kwa diski kabla haijaenea mtandaoni, na ilifundisha watu wengi kwa njia hiyo. Nakala moja ichapishwe kwenye karatasi na kuwekwa katika maktaba ya shule, nyingine iwekwe ofisini, na nyingine ipelekwe kwa taasisi kubwa iliyo jirani. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kipo hapa hapa Mwanza, na pale Bujora makumbusho yangali yamesimama.

Sita, na hili lisiwe na ubaguzi: orodha ambayo mstari wake ni mtu hai haipandi mtandaoni kwa jina la elimu. Shule ikitaka kuonyesha maendeleo yake, ichapishe jumla, na kando ya idadi ya waliofaulu iweke idadi ya walioanza darasa, ili anayekosekana aulizwe.

Hitimisho

Ndugu mpendwa msomaji, teknolojia imetuondolea kisingizio cha zamani kwamba kuchapisha ni kazi ya matajiri na wageni. Methali za Usukumani, samaki wa Mwaloni na majina ya vilima vya Ilemela vinaweza kuandikwa na watoto wa Ilemela wenyewe, kwa Kiswahili, na kusomwa na yeyote popote. Tukikaa kimya, ama vitapotea pamoja na wazee wetu, ama vitahifadhiwa mbali nasi na wengine watakaokuwa na bidii kuliko sisi.

Lakini urahisi huohuo unamweka mtoto wetu wazi mbele ya macho ya watu wasiomjua. Kwa hiyo kamati ya parokia au ya shule inapokutana safari ijayo, ilete mezani madaftari yote na kuyagawa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza, lenye mambo ya wote, litafutiwe mtunzaji na lichapishwe bila kuchelewa. Fungu la pili, lenye majina ya watu, lirudishwe kabatini, na ufunguo ubaki kwa yule aliyekabidhiwa na Kanisa kuushika.